Picha za Upanga na Watoto Wetu

Alasiri moja ya Desemba, mwaka 2021, shule zikiwa zimefungwa, alikuja mlangoni petu hapa Ganako jirani yetu wa ng'ambo ya njia, amemshika mkono mwanawe wa miaka kumi na mmoja. Mtoto alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa chenye damu, na jino lake la mbele lilikuwa limevunjika nusu. Jirani hakupaza sauti. Alimwamkia baba yetu mzee aliyekuwa ameketi barazani akiota jua, akatusalimu sisi, kisha akasema maneno matatu tu: "Muulizeni kijana wenu."

Tukamwita. Akaja na fimbo yake ya mkaratusi, amechonga ncha, na pale pa kushikia amepigilia kipande cha kopo la mafuta kukinga vidole. Tulipomwuliza kwa nini amempiga mwenziwe, hakukana, wala hakulia. Alisema kama shahidi aliye na hakika ya haki yake: "Fimbo yake ilianguka. Nikamwokotea, nikamrudishia kwanza. Ndipo tukaendelea."

Msomaji asituone tuna moyo mgumu tukikiri kwamba jawabu lile lilitushughulisha kuliko lile jino, angalau kwa dakika moja. Mtoto amemjeruhi mwenziwe, na hilo halina udhuru. Lakini katikati ya ujeruhi huo ameshika sharti ambalo sisi hatukumfundisha, wala madrasa, wala shule: kwamba mtu asiye na silaha hapigwi. Alilipata wapi? Mama wa nyumba yetu alikuwa amekwisha kupata jawabu. Alimtazama baba yetu pale barazani, na baba yetu, ingawa macho yake yalikuwa hayaoni tena, aliinamisha kichwa.

Hatuna budi kueleza habari ya mzee huyu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alizaliwa Kondoa, akaja Karatu akiwa kijana, akaajiriwa utingo wa lori lililochukua ngano na kahawa kwenda Arusha. Siku hizo lami haikuwapo. Ilitufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lori lilishuka ule ukuta wa Bonde la Ufa mpaka Mto wa Mbu kwa mwendo wa kobe, na utingo alisimama nyuma na gogo mkononi, tayari kuruka na kulitia chini ya gurudumu breki zikigoma. Safari ya kilomita kama 140 ilikula siku nzima, na wakati wa masika ilikula mbili. Wakifika Arusha dereva alikwenda kwa jamaa zake. Utingo, mwili mzima umejaa vumbi jekundu la kwetu, alinawa bombani, akavaa shati la pili, akaenda sinema.

Huko, alipokuwa hajatimiza miaka ishirini, aliona picha ya Kihindi iitwayo Aan, maana yake fahari au heshima. Picha hiyo ilitolewa mwaka 1952 na Mehboob Khan, ikawa ya rangi katika zama ambazo picha nyingi za Bara Hindi zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ndani yake kijana wa kijijini amtuliza farasi ambaye hapana aliyemweza, farasi wa binti mfalme mwenye kiburi. Na ndugu wa binti huyo ni dhalimu anayekitamani kiti cha ufalme. Kuna mbio za farasi, kuna ngome, kuna panga. Kijana yule aliigizwa na Dilip Kumar, na vijana wa Kiislamu wa pwani na bara walijua, na wakijivunia kujua, kwamba jina lake la kuzaliwa ni Muhammad Yusuf Khan, mtu wa Peshawar.

Baba yetu hakujua neno la Kihindi. Alielezwa vipande vipande na fundi cherehani aliyeketi karibu naye. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe, naye akaendelea kuyajaza kwa muda wa miaka karibu sabini. Tulipokuwa watoto tulisimuliwa Aan mara nyingi zisizo na hesabu, na tulipokua tukagundua kwamba mzee amechanganya. Mlikuwamo Zorro humo, na yule mpiga upinde wa msitu wa Uingereza, Robin Hood, na maharamia wa baharini, na mwizi wa Baghdad. Wote wamekuwa mtu mmoja apandaye farasi mmoja. Sharti la kurudisha upanga huenda halimo kabisa katika picha ile ya farasi. Ila katika picha ya baba yetu lilikuwamo, na lilikuja mahali pale pale kila mara: adui ameteleza, upanga umemtoka, shujaa anausogeza kwa ncha ya upanga wake na kusema, "Okota."

Picha za namna hii zina asili ya mbali. Nyingi zilitoka vitabuni, na mkubwa wa waandishi wa vitabu hivyo ni Mfaransa Alexandre Dumas, aliyeandika habari za wale askari watatu wa mfalme mwaka 1844. Watu wengi hawajui kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa mwanamke mweusi, mtumwa katika kisiwa ambacho leo ni nchi ya Haiti. Na baba yake, mwana wa mtumwa huyo, alipanda akawa jenerali katika jeshi la Ufaransa, mpanda farasi na mpiga upanga aliyeogopwa. Kwa hiyo kijana wa Kiafrika anayepiga makofi mbele ya kitambaa cheupe asidhani amealikwa katika karamu ya wageni.

Kisha wakaja waigizaji. Douglas Fairbanks wa Marekani alicheza Zorro mwaka 1920, na mwizi wa Baghdad mwaka 1924, picha zisizo na sauti. Errol Flynn akafuata na Captain Blood mwaka 1935, habari ya tabibu anayeuzwa utumwani kwa sababu amemtibu mtu aliyejeruhiwa, naye hakuuliza yu wa upande gani. Na mwaka 1938 akacheza Robin Hood. Mwaka 1940 mwizi wa Baghdad akapigwa tena, kwa rangi, kazi ikaanzwa Uingereza na kumaliziwa Marekani kwa sababu ya vita. Na safari hii mwizi alikuwa Sabu, mtoto wa mchunga tembo kutoka Mysore. Panga zile hazikupigwa ovyo. Mwalimu Mbelgiji, Fred Cavens, aliwafundisha wengi wao, kila pigo na kila hatua vikihesabiwa kama katika ngoma. Na limetuchekesha hili, kwamba Basil Rathbone, aliyemcheza adui wa Flynn katika Robin Hood, alikuwa hodari wa upanga kweli kweli kuliko Flynn; lakini kila walipokutana ilimpasa ashindwe, maana ndivyo ilivyoandikwa. Vijana wa kwetu wana methali yao ya mabanda ya video: steringi hafi.

Basi kwa nini hazichakai? Twauliza kwa sababu tunaishi mahali ambapo jawabu rahisi limejaribiwa likashindwa. Wengi husema watu hupenda hatari, basi. Haya. Mwishoni mwa mwaka 1960 bwana mmoja wa Marekani, Howard Hawks, alikuja Tanganyika na mwigizaji mashuhuri John Wayne, wakapiga picha ambayo jina lake ni neno letu wenyewe, Hatari!, ikatolewa mwaka 1962. Ni habari ya watu wanaokamata wanyama wa mwitu wawapeleke katika bustani za wanyama za ng'ambo. Waigizaji wenyewe walipanda magari wakawafukuza faru na twiga katika mbuga zetu; hapana ulaghai hapo, yule faru agongaye gari ni faru. Mwenzao mmoja Mjerumani, Hardy Krüger, aliipenda nchi hata akanunua shamba Momella, chini ya mlima Meru, akakaa kwa miaka. Picha ina nchi yetu, ina wanyama wetu, ina mji wa Arusha wenyewe. Baba yetu aliiona. Alicheka walipotokea wale ndama wa tembo, akasifu udereva, kama ilivyo haki ya utingo. Lakini hakupata kutusimulia hata siku moja. Tulipomwuliza sababu, alisema: "Faru hakutukani, wala huna ahadi naye."

Maneno hayo tumeyafikiri sana. Hatari peke yake humshtua mtu, naye husahau akitoka nje. Upanga una jambo jingine ndani yake. Bunduki humuua mtu aliye mbali asiyejulikana hata uso. Na picha za siku hizi zimejaa bunduki, hata mtazamaji hawezi kuhesabu waliokufa wala hajali. Upanga humlazimisha mtu asimame mahali ambapo mkono wa mwenziwe unafika. Amwona macho, asikia pumzi yake, na kati ya pigo na pigo pana nafasi ya maneno. Katika nafasi hiyo ndimo hadithi inamoingia: hapo shujaa ajibu tusi kwa mzaha, hapo adui aomba radhi ya uongo, hapo upanga waanguka na kila mtu ukumbini ashika pumzi, maana sasa shujaa aweza kufanya apendalo. Kuna picha ya mwaka 1952, Scaramouche, ambamo maadui wawili wapigana ndani ya jumba la michezo, juu ya kingo za viti na jukwaani, kwa muda wa dakika sita na zaidi. Na baada ya yote hayo yule mwenye kisasi, adui akiwa mbele yake hana la kufanya, ashindwa kumchoma. Dakika sita za vyuma, na linalokumbukwa ni mkono uliokataa.

Lugha yetu ya bara haina tofauti kubwa ya maneno hapa. Panga kwetu Ganako ni la kufyekea majani na kukatia mahindi, nalo huuzwa sokoni Karatu. Lakini mtoto husikia tofauti. Anajua kwamba upanga wa hadithi una masharti, na panga la shambani halina.

Hatusemi haya ili kuwanyamazisha wazee waliokataza sinema. Walikuwa na hoja, tena nzito. Onyesho la jioni lilikula sala ya Magharibi ya vijana wengi. Baba yetu alikiri kwamba lilikula yake, naye akazilipa sala hizo uzeeni kwa hesabu ya kukisia. Mavazi ya wanawake katika picha hizo si ya kumwonyesha mtoto. Tena Mwislamu akiitazama Baghdad ya picha za ng'ambo, haoni mji wa elimu ambao wanafalaki na matabibu walikaa. Aona mji wa majini, wezi na mazulia yarukayo. Katika ile ya mwaka 1924 mwizi aingia msikitini kwa dharau na kumkejeli imamu, ingawa, kwa haki, baadaye atubu, na picha nzima ni safari ya toba yake. Tunapowaonyesha watoto vitu hivi bila kuketi nao, twawaachia mtu mwingine awaeleze sisi ni nani.

Hoja kubwa zaidi, hata hivyo, haikusemwa na mashehe. Ilisemwa na mama wa nyumba yetu siku ile ile, huku akimsafisha mtoto wa jirani mdomo kwa maji ya chumvi: "Upanga wa sinema hauna wagonjwa. Wanaanguka, na hapana anayewaosha."

Wenzetu wamejaribu kutupatia picha za upanga zilizo zetu. Mwaka 1963 Youssef Chahine wa Misri alitoa picha ya Salahuddin, na aliyemcheza Sultani, Ahmed Mazhar, alikuwa afisa wa jeshi la farasi kabla ya kuwa mwigizaji, jambo linaloonekana anavyokaa juu ya tandiko. Mwaka 1976 Moustapha Akkad alitoa Ar-Risala, yenye vita vya Badr na Uhud, ambamo Mtume, rehema na amani zimshukie, haonekani wala sauti yake haisikiki. Na wasomaji wengi wanajua jinsi tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul, iliyoonyeshwa kwao kuanzia 2014 hadi 2019, ilivyowashika watoto na mababu pamoja. Tumeziona, tunazipenda baadhi yake. Ila twasema wazi kwamba si kilemba kimfanyacho shujaa kuwa wetu. Waandishi wa tarehe wamesimulia kwamba Richard, mfalme wa Uingereza, alipougua katika vita vya mwaka 1192, Salahuddin, adui yake, alimpelekea matunda na theluji ya kumpoza homa. Hilo ndilo tungependa watoto walione kwa kitambo kirefu, nalo katika picha nyingi hupitishwa upesi ili farasi warudi.

Kuna na kisa kingine, ambacho Jalaluddin Rumi amekitia katika Mathnawi yake. Sayyidna Ali, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alimshinda adui vitani, akawa juu yake na upanga umeinuliwa. Adui akamtemea mate usoni. Ali akauacha upanga. Yule mtu akashangaa: ulikuwa umenishinda, kwa nini umeniacha sasa, baada ya kukutukana? Akajibiwa kwamba hapo kwanza Ali alikuwa akipigana kwa ajili ya Mungu, lakini baada ya mate yale hasira ya nafsi yake imeingia, naye hapigi kwa ajili ya nafsi. Shujaa wa sinema humrudishia adui upanga wake ili shindano liwe la haki. Ali aliuacha wake. Mwendo kati ya mambo haya mawili ni mrefu, na kijana wetu alikuwa amefika katikati ya njia tu.

Jinsi alivyofika hapo ni hivi. Julai ya mwaka ule ule 2021, habari zilikuja kwamba Dilip Kumar amefariki Mumbai, naye ana miaka 98. Baba yetu aliisikia redioni, akasema "Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un," akakaa kimya mpaka adhana. Mjukuu akamwuliza, "Babu, huyo alikuwa ndugu yako?" Mzee akajibu, "Alikuwa kijana mwenzangu." Jioni hiyo mtoto aliitafuta Aan katika simu yetu, akaipata. Babu alikuwa kipofu wakati huo, presha ya macho imemaliza kazi yake. Basi wakaketi barazani wamejifunika blanketi moja, kwa maana Julai ya Ganako ina ukungu na baridi ya kuingia mifupani, na mtoto akawa anamweleza anayoyaona: sasa yuko juu ya farasi, sasa binti amekasirika. Na babu naye akawa anamwambia mtoto wanasemezana nini, kwa Kiswahili, maneno yale yale aliyoyatunga ndani ya lori miaka ya hamsini. Mwenye macho hakuwa na lugha, na mwenye lugha, tena ya kubuni, hakuwa na macho. Picha ya saa mbili na zaidi iliwachukua majuma. Watoto wa jirani wakaanza kuja kusikiliza, na huyu wa jino alikuwa mmoja wao.

Usiku wa tukio lile, baada ya Magharibi, tulikwenda kwa jirani. Gharama ya tabibu wa meno tulikwisha kuibeba. Tulikwenda kwa ajili ya radhi. Hatukukusudia kumchukua mzee, kwani njia ilikuwa na matope, lakini alisimama mlangoni na mkono wake begani kwa mjukuu, hatukuweza kumkatalia. Jirani yetu ni Mwiraqw, Mkristo, mtu wa maneno machache. Alisimama akasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja mimi, kwa kuwa kosa la kwanza ni langu. Nilimfundisha mtoto huyu kumrudishia mwenziwe upanga. Sikumfundisha kuuweka chini."

Jirani alikaa kimya. Mkewe akaleta chai ya maziwa. Hatimaye akasema, "Jino halirudi, mzee."

"Halirudi."

Kijana wetu aliomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe, akaiweka ile fimbo yenye kopo sakafuni mbele ya mwenye nyumba. Hatukumwagiza afanye hivyo. Jirani aliiokota, akaigeuzageuza kwa vidole vya mtu anayejua useremala, akaiegemeza ukutani. Alitusamehe. Lakini alisema mwanawe hatakuja kwetu kucheza kwa muda, na sisi tukaona ana haki. Mama wa nyumba yetu alizikusanya fimbo zilizobaki akazitia jikoni chini ya chungu cha maharage, zote isipokuwa moja ndefu ambayo baba yetu aliomba ikatwe ncha iwe mkongojo.

Majuma yakapita. Usiku barazani hapakuwa na mtu ila babu na mjukuu, na simu hawakuiwasha. Twadhani kila mmoja alikuwa akimngojea mwenzake aanze. Januari, jioni ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, tulisikia hodi. Alikuwa yule mtoto, jino lake limetiwa kiraka cheupe kuliko mengine. Hakutuangalia sisi, wala hakumwangalia kijana wetu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha mzee.

"Shikamoo, babu. Baba kasema nije mpaka saa moja tu. Yule farasi alishikwa?"

Mzee akausogeza mkongojo, akapapasa blanketi na kulivuta litoshe watu watatu. "Marahaba. Keti hapa," akasema. "Mwenzio, hebu iwashe. Anza pale anapoletwa farasi."